Mguu Uliozikwa Majita na Gitaa Lililobaki

Mmeniuliza barabarani, mmeniuliza sokoni, na mmoja wenu aliniuliza kanisani katikati ya sala, jambo ambalo sikulipenda. Mnataka kujua mimi na mama Bwire tulikuwa wapi siku zile tisa, tulipoondoka na sanduku refu na kurudi nalo likiwa na vyuma vipya vimefungwa juu yake kwa kamba. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, na asiyependa kusoma asomewe.

Nianze na gitaa lenyewe, kwa sababu wapo kati yenu waliohamia mtaa huu wa Iringo hapa Musoma karibuni wanaodhani ni meza ya kupigia pasi. Ni gitaa la pedeli. Halivaliwi begani. Linasimama kwa miguu minne, mpigaji anakaa nyuma yake, mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyaya kumi na mkono wa kulia unadonoa. Chini kuna pedeli tatu za mguu wa kushoto. Ukikanyaga, waya unavutwa na sauti inapanda huku bado inalia, na hapo ndipo watu wazima wanatafuta leso. Mguu wa kulia una pedeli yake ya kukuza na kupunguza sauti. Ukiondoa zile tatu za kushoto unabaki na ubao wenye nyaya.

Langu nilitengenezewa na mzee Wambura wa Buswahili, miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda. Mmisionari mmoja alimpelekea gitaa lake bovu, mzee akalifungua, akalitengeneza, na kabla ya kulirudisha akachora kila kitu kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo. Tangu hapo akawa anaunda ya kwake: ubao wa mninga, spoku za baiskeli za kuvutia nyaya, miguu ya bomba la maji. Vile vidole vya chuma vinavyoshika nyaya alivichonga kwa tupa kutoka kwenye mhimili wa mashine ya pamba. Niliwahi kupiga gitaa la kiwandani lililoletwa na wageni. Linang'aa, halina kosa. Nilikaa nalo saa nzima kama mtu aliyepewa kitanda cha hoteli, kisha nikatamani langu. Sisi tuliotengenezewa na mzee Wambura tunajuana, tuko wachache, na sijasikia hata mmoja aliyekubali kubadilishana.

Sasa mguu. Sukari ilinila mguu wa kushoto mwaka jana, wakaukata Mwanza chini ya goti, nikapewa wa bandia. Natembea, mnaniona. Lakini mguu wa bandia hausikii pedeli. Nikikanyaga moja nakanyaga mbili, na nikidhani nimeachia kumbe bado nimeshikilia. Miezi minane gitaa lilikaa chini ya kitanda, na kanisani nafasi yangu ikachukuliwa na kinanda.

Mama Bwire ndiye aliyesema twende. Msidhani ni kwa mapenzi ya muziki. Katika ndoa yetu sikumbuki alisifu wimbo wangu hata mmoja. Alisema hivi, akiwa anapepeta dagaa: "Tunaenda kwa huyo mzee mara moja tu. Akiweza kuibadilisha, sawa. Akishindwa, hiyo gitaa tunaiacha huko huko, na wewe hautakaaga tena umenuna kwenye hii nyumba."

Nilikubali. Kwa hiyo mjue tangu hapa kwamba nilikuwa nakwenda ama kulipata gitaa langu, ama kuliaga.

Iringo hadi Bweri

Stendi ya Bweri tulifika mapema na tukaondoka tumechelewa, kwa sababu ya konda. Alitaka kulitupia sanduku ndani ya buti chini ya magunia ya dagaa. Nikamwambia hilo haliwekewi kitu juu. Akaniuliza kuna nini ndani. Nikasema gitaa. Akacheka, akasema gitaa gani lenye uzito wa cherehani. Mimi nina hasira za karibu, hilo mnalijua, na tangu nikatwe mguu zimesogea karibu zaidi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Mama Bwire aliingia kati yetu, akalilaza sanduku juu ya magunia badala ya chini yake, akatandika kitenge chake, akapanda garini. Konda akabaki ananitazama. "Mzee, ungenifundisha tu hivyo," akasema.

Bweri hadi Bunda

Tulikuwa tunakwenda Bunda kwa sababu tulisikia mzee Wambura yuko huko kwa binti yake, akitibiwa macho. Tulipita Makutano, tukaiacha njia ya Butiama upande wetu wa kushoto bila hata kugeuza shingo.

Ndani ya basi alipanda muuza dawa za mitishamba. Alikuwa na sauti nzuri, nadhani angefaa kwaya. Alihubiri juu ya tumbo, mgongo, nguvu za kiume, kisha akafika kwenye sukari. Alisema chupa yake moja inaiondoa sukari yote mwilini na mtu anarudi kunywa soda. Alipofika kwenye kiti changu suruali ilikuwa imepanda kidogo, akaiona ile plastiki juu ya kiatu. Akanyamaza. Aliniangalia usoni, akarudisha chupa mfukoni, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa na hakuuza tena hadi aliposhuka. Sikumchukia. Wengi wameuona huu mguu na wameendelea kuongea.

Karibu na Kiabakari tairi lilipasuka. Tulikaa chini ya jua hadi njaa ikatukamata. Mama mmoja tusiyemjua alifungua mfuko wa michembe mikavu akatugawia sote, dereva pamoja na konda, viazi vigumu vya kutafuna taratibu. Alimuuliza mama Bwire tunakwenda kwa nani. Mama Bwire akamjibu, "Nampeleka huyu akaagane na gitaa yake." Niligeukia upande mwingine.

Nyumbani kwa Sabina

Sabina, binti wa mzee Wambura, ana mgahawa nyuma ya soko la Bunda. Tulimkuta anapakua ugali. Nilimwita kwa jina, akainua uso, akaniona. Sahani aliiweka chini polepole. Hakunisalimia. Alimgeukia mke wangu.

"Mama, huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Si baba Bwire huyu. Magesa. Umemsahau?"

"Sijamsahau," Sabina akasema. "Tulimlilia."

Ilibidi tukae ndipo tuelewane. Kumbe habari iliyowafikia Bunda ni kwamba Magesa mpiga gitaa amezikwa Majita. Nilipolisikia hilo nilijua mara moja limetoka wapi. Kwetu kiungo cha mtu hakiachwi hospitali kikatupwa. Nilipokatwa, kaka zangu walikuja Mwanza, wakauchukua mguu ukiwa umefungwa kwenye shuka, wakaupeleka Majita na kuuzika karibu na baba yetu. Wakauwekea mawe kama inavyopasa. Wavuvi waliokuwa wakipita na mitumbwi waliona wanaume wamesimama na majembe kwenye eneo la kina Magesa, wakaona udongo mbichi, na kwa kuwa walikwisha kusikia naumwa, wakamalizia wenyewe. Kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, habari ikapanda magari ya samaki.

Wateja walicheka sana. Mzee mmoja alikuja kunishika mkono, akasema hajawahi kumsalimia marehemu. Mimi pia nilicheka. Lakini Sabina hakucheka, na baada ya kutuletea samaki ningu wa kuchemsha na ugali wa muhogo alikaa mbele yetu akasema, "Baba mdogo, kuna shida. Baba alishafungua mafundo yako."

Hapo nililiacha tonge kwenye sahani. Niwaeleze. Mzee Wambura hapimi kwa futi. Anakukalisha kwenye kigoda, anapima kwa uzi wa nyavu kutoka goti hadi unyayo, paja kwa paja, kiwiko hadi kidole, na kila kipimo anakipigia fundo. Gitaa linajengwa kufuata uzi huo, kisha uzi unatundikwa darini kwake. Mpigaji akifa, mzee anafungua mafundo yote, na familia inarudisha gitaa. Analivunja. Vile vidole vya chuma anampa mpigaji mwingine, kwa sababu kiwanda kilishafungwa na chuma kile hakipatikani tena. Sote tuliyakubali hayo siku ya kupimwa. Gitaa langu lenyewe lina vidole viwili vya mtu aliyekufa kabla sijamjua, na sijawahi kupiga bila kumkumbuka.

"Na vidole vyangu?" nikauliza. "Amemuahidi nani?"

"Mwalimu Nyamhanga wa Butiama. Ya kwake imechakaa. Anaisubiriaga tu familia yako iilete."

Mzee mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amerudi Buswahili wiki ile ile, macho yakiwa nafuu kidogo. Yeye hataki simu, na simu ya jirani yake ilikuwa imezimwa. Sabina alisema njia ni kurudi nyuma hadi Butiama, tulale kwa huyo huyo Mwalimu, na kesho yake tutafute usafiri wa kwenda Buswahili.

"Kwa anayesubiri vyuma vyangu?" nikasema.

"Hamna mwingine tunayemjua pale," akasema Sabina. "Na ni mtu mzuri."

Kurudi nyuma hadi Butiama

Safari hii njia ya Butiama tuliigeukia. Mvua ilianza tukiwa kwenye gari dogo, mvua ya upepo, na tuliposhuka mama Bwire alitangulia na mtu aliyebeba sanduku. Mimi nilibaki nyuma na fimbo yangu, nikichagua pa kukanyaga. Kwa hiyo Mwalimu Nyamhanga alipofungua mlango alimwona mwanamke mtu mzima, kitenge kimelowa, na sanduku analolijua.

Niliyasikia yote kutoka kwenye uzio. Alimshika mikono yote miwili. "Mama, pole. Pole sana. Na asante, maana wengine wanakaaga nazo. Magesa alikuwa mtu wa watu."

Mama Bwire hakumkatiza. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema alitaka kusikia kama mtu yule atanisifu zaidi. Nilipojitokeza kwenye mwanga wa mlango, Mwalimu aliniangalia muda mrefu, na niliona kitu usoni mwake kabla hajafurahi. Kilikuwa kifupi sana. Simlaumu, kwani ningekuwa mimi kingekuwa kirefu.

Tulikaa kwake siku mbili kwa sababu ya mvua. Udongo mweusi wa kule mbele ukilowa hakuna gari linalopita. Alitulisha vizuri, kuku na mlenda na ugali wa mtama. Mchana wa pili alinionyesha gitaa lake. Vidole vya chuma vilikuwa vimelika hadi nyaya zinateleza, na kila ubeti ilibidi asimame kuzikaza. Alikuwa amefundisha shule miaka mingi na sasa gitaa lilikuwa ndiyo kazi aliyobaki nayo, kanisani Jumapili na misibani siku nyingine. Alinikaribisha nikae nijaribu nyaya tu. Nilikaa. Magoti yangu yaligonga ubao, kiwiko kikakosa pa kutua. Mwalimu ni mfupi, gitaa lake ni fupi. Nilijiona nimevaa koti la mtu mwingine, nikainuka.

"Langu ungelikalia wewe?" nikamuuliza.

"Silitaki lako," akasema. "Lako lingeninyonga miguu. Ninataka chuma chake tu."

Asubuhi ya kuondoka alibeba sanduku mwenyewe hadi kwenye mkokoteni wa ng'ombe tulioupata. Aliliweka, akalifuta matope kwa mkono wa shati lake. "Mzee Magesa," akasema, "nimekuombea kwa Mungu ufanikiwe. Na nisipokwambia ukweli nitakuwa mnafiki. Nimeomba pia usifanikiwe."

Nilimshukuru. Mpaka leo hakuna aliyenipa maneno ya kweli kuliko hayo kuhusu huu mguu.

Butiama hadi Buswahili

Mkokoteni uliendeshwa na mwanamke aitwaye mama Ghati, mwenye ng'ombe wawili na mdomo usiopumzika. Alitaka kujua kila kitu. Alipojua mguu wangu umezikwa Majita, aliuliza je, nikifa nitazikwa wapi, maana mguu umeshachagua. Mama Bwire akasema Majita, ni wazi. Mama Ghati akasema afadhali, watu wasije wakaanza kuchimba sehemu mbili. Walilijadili jambo hilo mwendo mrefu, mimi nikiwa nimekaa katikati yao nimeshika sanduku.

Mara tatu tulikwama. Mara ya tatu wote walishuka kusukuma isipokuwa mimi. Mama Bwire alikuwa kwenye tope hadi magotini, mwanamke wa miaka hamsini na minane, anasukuma gurudumu kwa bega ili gitaa asilolipenda lifike. Nilitamani kushuka na sikuweza. Niliona aibu hadi machozi yakanitoka, nikajifanya jasho limeniingia machoni.

Siku za Buswahili

Mzee Wambura alikuwa uani kwake akinoa tupa. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, kwa hiyo alitusikia kabla ya kutuona. Nilimwamkia. Aliitikia nusu, akasimama.

"Sema tena," akasema.

"Shikamoo mzee. Ni mimi Magesa wa Musoma."

Alikuja karibu hadi pumzi yake ikanifikia. Kisha akakasirika, hasira ya kweli. "Mura, kijana wewe, mimi nimelia kwa ajili yako! Mimi na umri huu! Nimekaa hapa siku tatu sijashika chuma. Halafu unakujaga tu hivi unanisalimia?"

Nilimweleza habari ya mguu na kaburi lake. Alisikiliza bila kutabasamu. Mwishoni aliuliza swali moja tu, ni mguu upi. Nikasema wa kushoto. Akaketi chini.

"Ingekuwa wa kulia," akasema, "tungeongea."

Alinieleza, na mimi niliyajua hayo tangu Iringo ila sikutaka kuyajua. Kuhamishia pedeli tatu upande wa kulia maana yake ni kukata ubao, kugeuza spoku zote, na kuiondoa pedeli ya sauti ambayo mguu wa kulia unaihitaji. Yeye hakati gitaa mara mbili, na kwa macho yale asingethubutu hata kama angetaka. Alisema nijaribu kwanza na huo wa plastiki mbele yake, asikie mwenyewe.

Tuliliweka uani. Watu wa nyumba walitoka kusikiliza. Nilianza wimbo ambao ninyi wa kwaya mnaujua, ule wa mazoezi ya Alhamisi, wa polepole. Mstari wa kwanza hauna pedeli, ukapita vizuri. Wa pili nilikanyaga mbili kwa pamoja, nyaya zikagongana kama sufuria. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne niliachia kipande cha chuma juu ya nyaya na nikafunika uso. Sikuficha kilio safari hii. Nililia mbele ya watu nisiowajua, na mbele ya mke wangu, na hakuna aliyenizuia.

Mzee Wambura alisubiri nimalize. Kisha akapiga magoti, akaanza kuilegeza skrubu ya mguu wa kwanza wa gitaa. Alifanya hivyo kwa heshima, kama mtu anayemvua marehemu pete. Mimi nilimwachia. Makubaliano ni makubaliano.

"Subiri kidogo, mzee," mama Bwire akasema.

Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, miguu bado ina tope lililokauka. Alikuja akakaa chini, kwenye udongo, kushoto kwangu, akaikunja miguu yake pembeni. Akaweka viganja viwili juu ya pedeli. "Piga ile ya Alhamisi," akaniambia.

"Mama Bwire, hiki si kitu cha..."

"Piga."

Nikapiga. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili nilifunga macho, na pale sauti ilipotakiwa kupanda, ikapanda. Nilidhani ni bahati. Ikapanda tena, ikashuka, pedeli ya kati na ya kwanza pamoja, kisha ya kwanza peke yake, kila mahali nilipokuwa nakanyaga miaka ishirini na sita. Nilitaka kusimama nimuulize, nikaogopa kwamba nikisimama kitu hicho kitaondoka. Tulifika mwisho wa ubeti. Kwenye kona ya mwisho alibonyeza mapema kuliko nilivyokuwa nakanyaga mimi.

"Hapo umewahi," nikasema.

"Hapo wewe ulikuwaga unachelewa," akajibu.

Mzee Wambura alimuuliza amejifunzia wapi. Mama Bwire alishangaa swali lenyewe. Alisema nyumba yetu ni vyumba viwili. Mimi nikiwa chumbani na gitaa, yeye yuko ukutani upande wa pili na dagaa wake, kila jioni. Pedeli ya kati hulia kidogo kabla ya sauti kubadilika, kama mlango usiotiwa mafuta. Ya kwanza hugonga. Ya tatu haina kelele ila mimi huvuta pumzi nikikaribia kuikanyaga. "Sijajifunza," akasema. "Nilikuwa nasikia tu. Ningefanya nini?"

Mzee alipiga magoti tena. Aliikaza tena ile skrubu aliyokuwa ameilegeza. Akaingia ndani, akatoka na kigoda na uzi mpya wa nyavu. Hakunigeukia mimi.

"Mama, kaa hapa nikupime mguu."

"Mimi sipigagi magitaa, mzee."

"Sijakuomba upige. Nimekuomba ukanyage. Utakaa chini kwenye udongo kanisani?"

Alikaa. Mzee alipima goti hadi unyayo kwa vidole vyake vinavyojua kazi kuliko macho, akapiga fundo, akapima tena, akapiga fundo. Kisha akanipima mimi upya, mkono na kiwiko na mguu wa kulia, kwenye uzi huo huo, na ule wa zamani aliofungua mafundo hakuutaja. Hakukata ubao. Aliunda fremu ya pili ya pedeli ya kusimama kushoto kwa gitaa, mbele ya kiti cha mama Bwire, na kuiunganisha na ya kwanza kwa spoku na mikono ya breki ya baiskeli. Ndivyo vile vyuma mlivyoviona vimefungwa kwa kamba. Ilimchukua siku nne, kwa sababu ya macho, na kwa sababu kila jioni alimtaka mama Bwire akanyage, kisha anavunja na kuanza tena. Mke wangu na yeye waligombana sana siku hizo. Ilikuwa juu ya pedeli ya kati: mzee alitaka kuitia mafuta, mama Bwire akamkatalia, akasema ikinyamaza atapotea.

Siku ya kuondoka nilimuuliza mzee kuhusu Mwalimu Nyamhanga. Aliguna. Akasema kuna mhimili mwingine mfupi umelala kwenye stoo, alikuwa ameuweka uwe vishikio vya kubebea jeneza lake mwenyewe, lakini sasa atamchongea Mwalimu vidole. "Sasa nitashikwa kwa mbao kama watu wengine," akasema. Nilipita Butiama nikampa Mwalimu habari hiyo. Aliinuka, akaenda kutuchinjia kuku mwingine.

Kurudi Iringo

Njia ya kurudi haina la kusimulia. Matope yalikuwa yamekauka, basi halikuharibika, na konda alikuwa yule yule. Safari hii sanduku aliliweka juu ya magunia bila kuambiwa.

Jumapili iliyofuata mlikuwepo. Mliona tumekaa wawili, na najua baadhi yenu mlicheka kwenye vitabu vya nyimbo. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda, na makosa yetu mliyasikia. Ya tatu ilikuwa ile ya Alhamisi. Kwenye noti ya mwisho kabisa mama Bwire alikanyaga pedeli ya kati, sauti ikapanda, na mimi nikasubiri aachie ili nimalize. Hakuachia. Kiongozi wa kwaya alikuwa na mikono hewani. Mchungaji aliinua kichwa. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa anatazama mbele, mguu wake chini, na ile sauti ikaendelea kulia hadi ilipokwisha yenyewe kwenye waya.

Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani nilimuuliza kama alisahau. 

"Sikusahau," akasema. "Miezi minane nilikuwa nakaa kwenye ule ukuta na dagaa, sisikii kitu. Nilikuwa sijashiba."